Goti la Mama Tanios

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipojilaza mchana baada ya chakula usiamke tena. Kahawa yako tulikuwa tumeshaipika. Ilibidi tuinywe wenyewe huku tukilia, na mwanao Ghattas akasema imezidi sukari, tukajikuta tunacheka katikati ya kilio. Ungetugombeza.

Nani hapa kijijini, huku juu ya bonde la Kadisha, asiyekumbuka kwamba maumivu hukuyaacha yapotee bure, bali uliyatolea kwa Mungu kwa ajili ya wengine? Ukiungua kidole kwenye tanuri, ulisema, "Bwana Yesu pokea, hiki ni cha mtihani wa binti wa jirani." Jino likiuma lilikuwa la wafungwa. Baridi ya kanisani asubuhi ilikuwa ya marehemu wasio na wa kuwaombea. Majirani walizoea kuja kupiga hodi.

"Mama Tanios, leo kuna kinachouma? Mume wangu anasafiri."

"Mgongo upo, lakini umeshachukuliwa mpaka Jumapili. Chukua kichwa."

Goti tu ndilo hukumpa mtu. Hilo lilikuwa la wanao, Tanios na Ghattas, walionuniana kwa zamu ya maji ya shamba la matufaha. Nyumba moja, Tanios chini, Ghattas juu, na salamu hakuna. Ikawa wewe ndiye wa kupanda ngazi na sahani ya kibe, kile chakula cha nyama na ngano, na kushuka na ujumbe: mwambie mwanao hivi, mwambie mwanao vile. Ngazi hizo ndizo zilizolimaliza goti, na wala hukuwalaumu. "Nalitolea kwa nia yao," ulisema. "Siku watakapozungumza, na lenyewe litapumzika."

Daktari akasema bila upasuaji hutatembea tena. Ukakataa katakata. Abuna Shadi, padre wetu, akaja kukueleza kwamba Mungu hamtaki mtu ateseke huku dawa ipo, na kwamba hata uchungu wa sindano unaweza kutolewa kwake. Ulimsikiliza kwa heshima, ukamwongeza kahawa.

"Abuna, kitu nimeshampa Mungu, nimnyang'anye vipi? Goti si langu tena."

Ulikosea, Mama, na mpaka leo tunakwambia ulikosea. Mimi Najla, bintiyo, nilipandwa na hasira, nikawaita kaka zangu wote wawili chumbani kwako, nikafunga mlango. Niliogopa utabaki kitandani maisha yako yote kwa ajili ya ukaidi wa watu watatu.

Tanios aliongea akitazama dirisha. Ghattas aliongea akinitazama mimi. Wewe ulikaa ukisali rozari yako.

"Mwambie huyo," akasema Ghattas, "yeye ndiye mkubwa, ambembeleze mama yake."

"Mwambie huyo," akasema Tanios, "yeye ndiye kipenzi chake."

Ukainuka ili ufikishe ujumbe. Mazoea tu, maskini. Goti likakataa, ukayumba, nao wakakudaka, mmoja huku na mwingine huku.

"Shika vizuri, wewe," Tanios akafoka.

"Nimeshika. Wewe ndiye unayevuta."

Ukawatazama mmoja baada ya mwingine, ukacheka hadi machozi yakakutoka. "Haya," ukasema, "nipelekeni kwa daktari. Goti limeshafanya kazi yake."

Walikurudisha kutoka hospitali wamekubeba kwenye kiti, wakibishana kila ngazi nani atangulie. Sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria ulikwenda kanisani kwa miguu yako, kisha ukaja kulalamika kwamba tumekuacha mikono mitupu, huna cha kutolea. Tukakununulia viatu vipya. Vikakubana, ukafurahi sana.

Siku hizi Ghattas hushuka mwenyewe kuomba chumvi, na Tanios humpa huku akimtania kwamba mkewe hajui kununua. Maji yanafika kwa wote. Nyumba ina kelele, Mama, ungeipenda.

Ulimtolea kila mtu kitu, na katika nia hizo jina lako mwenyewe hatukulisikia hata mara moja. Kukukosa kunatuuma, hatukufichi. Lakini uchungu huu hatuuachi upotee bure. Huu ni kwa nia yako.

Unakumbukwa na wanao Tanios, Ghattas na Najla, wakwe zako, wajukuu zako, Abuna Shadi, na majirani ambao bado hupiga hodi kuuliza kama kuna kinachouma.

Tutakukumbuka, Mama, kila tupandapo ngazi.