Ushanga wa Nanjota

Alhamisi, 18 Agosti 2016. Mueda

Tumefika! Mgongo wangu nimeuacha barabarani. Newala tumeondoka saa kumi alfajiri, Masasi chai ya haraka, Daraja la Umoja saa tano — mhuri kwenye pasipoti, puu! — na mimi Josephina niko nje ya nchi. Miaka yote Msumbiji tumeiangalia tu kutoka kilimani kwetu, Shimo la Mungu, kule ng'ambo ya Ruvuma. Leo nimeikanyaga.

Tuko akina mama kumi na wanane wa parokia. Kiongozi wa msafara ni Bartholomayo, mtu wa huku huku, ana filimbi shingoni na anatuhesabu kama kuku. Chumba nalala na Mama Witness. Kaja na mchele wake kilo tatu, eti chakula cha ugenini hakiaminiki.

Wenzangu wamekuja kuona misheni na vinyago. Mimi nimemfuata Nanjota. Kwao walikuwa wakimbizi wa vita, wakakaa nyumba ya pili kutoka kwetu, Kitangari. Tulishuka bondeni kuchota maji pamoja tangu tuna miaka sita. Mteremko ule! Kupanda yeye anaimba, mimi nahema. Mwaka 1975 nchi yao ikapata uhuru, wakarudi — asubuhi moja lori likawachukua, basi. Tulikuwa tumepanga tuchezwe unyago pamoja mwaka unaofuata. Akanivulia ushanga wake mweupe, nikampa wangu mwekundu. Ahadi: tutarudishiana siku ya kutoka unyagoni. Nikachezwa bila yeye.

Ushanga ninao hapa, kwenye fundo la khanga. Nataka nimrudishie mkononi mwake. Hilo tu.

Ijumaa, 19 Agosti

Misheni asubuhi. Nzuri. Nimesali vibaya, akili iko sokoni.

Sokoni tukapewa saa moja. Nikasimama katikati ya wauza mihogo na karanga, nikapaza sauti kwa Chimakonde: namtafuta Nanjota, alikaa Kitangari wakati wa vita, nani anamjua? Wengine wakaangalia chini. Msichana mmoja akacheka, mama yake akamziba mdomo. Mama mmoja mnene wa karanga akajitwisha ungo wake akaondoka, hata kugeuka hakugeuka. Jeuri hiyo! Nikaendelea kuita, mara tatu, mara nne, mpaka mwisho wa soko.

Hakuna. Nimekasirika kweli. Niliambiwa watu wa Mueda wakarimu, sasa ukarimu gani huu? Mama Witness anasema labda alishakufa, wanaogopa kunipa msiba ugenini. Nimemwambia anyamaze. Nimelia kidogo bafuni, bomba likiwa wazi asinisikie.

Jumamosi, 20 Agosti. Siku ya mwisho

Gari linaondoka saa nne. Saa moja nimetoroka, nikarudi sokoni peke yangu. Bibi muuza mihogo, Bi Cecilia, akaniita kwa kidole. Shikamoo. Marahaba. Akaniuliza kama nimechezwa. Nikashangaa — nimechezwa bibi, tangu 1976! Akauliza tena: na huko kwetu, nani ananiita siku hizi kwa jina langu la kabla ya unyago?

Nikajiziba mdomo kwa khanga.

"Umemwita mtu mzima jina la utotoni," akasema. "Sokoni. Mbele ya wakwe zake."

Mungu wangu. Mimi, Mmakonde mwenzao! Jina langu mimi lilibaki unyagoni, marehemu mume wangu hakuthubutu kulitamka, na siliandiki hata humu. La mwenzangu nimelitembeza soko zima kama muuza samaki. Ni kwa sababu kichwani mwangu hakukua. Miaka arobaini na moja bado ana miaka kumi na miwili, ana ndoo kichwani, anaimba. Sikuwahi kufikiri kwamba naye alichezwa, akapewa jina lake, akaolewa, akanenepa.

Nikamweleza bibi: baba wa mwenzangu alikuwa fundi seremala, kidole kimoja pungufu. Akaitikia kwa kichwa. Anamjua. Binti yake siku hizi anaitwa Mama Flora. Ndiye yule wa karanga.

Yule aliyeondoka na ungo! Na mimi nyuma yake naendelea kumtukana.

Nilitaka nimkimbilie pale pale. Bibi akakataa, akasema nimekosa, kwa hiyo atangulie yeye kuniombea msamaha. Nimempa ujumbe: mwenye ushanga mweupe anaomba radhi, yuko nyumba ya wageni mpaka saa nne.

Saa nne na dakika kumi. Ndani ya gari

Mizigo iko juu. Bartholomayo ametuhesabu mara mbili, anasema mpaka hautungoji. Nilimwomba dakika tano, zimekwisha. Mama Witness, niliyemwambia anyamaze, kakaa kwenye ngazi ya mlango anajishika tumbo, eti linamsokota, gari likitingishika atakufa. Tumbo! Asubuhi kala mihogo sahani mbili. Mungu ambariki.

Nikifika nyumbani nitalifuta jina la utotoni la Mama Flora kurasa za nyuma.

Ushanga nimeufungua kwenye fundo. Kumbe mdogo hivi. Hautamwenea hata mkononi.

Kuna mtu getini. Ungo kichwani. Bi Cecilia yuko nyuma yake.

Hatembei haraka. Anaangalia madirisha, moja moja. Mwenyewe, kabisa, ule mwendo wa kupanda mlima! Uso sijausoma kutoka hapa.

Ameita. Jina langu. Lile lililobaki unyagoni. Kwa sauti, mbele ya akina mama wote. Mama Witness amegeuka, ananikodolea macho.

Ameita tena.

Hakuna anayecheka. Bartholomayo kapuliza filimbi.

Mara ya tatu.

Nimeitika.