Safari ya Wete Iliyozuiwa na Paka

Mama,

Shikamoo. Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike na hasira zangu hazijapungua, kwa hivyo nimeona bora nikuandikie wewe kuliko kuendelea kumfokea kaka Nassor, ambaye hana kosa.

Paka wako mzima. Naanza na yeye kwa sababu najua ungemuulizia yeye kabla yangu mimi. Mgeni amenenepa. Analala juu ya msala wako, na wanawake wa mtaani wakija wanasema maskini, anamkumbuka bibi yake. Hakukumbuki. Pale ndipo baridi ya kiyoyozi inapofika.

Mama, wewe ulikuwa uende Wete. Miaka mingapi ulikuwa hujamwona Mama Mdogo Rahma, ndugu yako wa tumbo moja? Mlikuwa mkionana kwenye simu tu, wewe huku ng'ambo na yeye kule kisiwani, kila mmoja akimwonesha mwenziwe paji la uso. Nikakukatia tiketi, ukasema huendi mpaka uwe na hakika kwamba Mgeni hatapata taabu. Ndipo nikatafuta bima ya safari inayomhesabu na mnyama wa nyumbani: akiugua kabla hujaondoka, safari inaahirishwa na kampuni inakupa tiketi nyingine. Nilijiona mjanja kweli.

Fomu tuliijaza jikoni, mimi nikikusomea kwenye simu, wewe ukichambua mchele. Likaja swali la mmiliki wa mnyama. Nilitaka kuandika jina lako, ukanizuia. Ukasema, "Paka hamilikiwi, mwanangu. Huyu kaja mwenyewe, anakaa kwetu tu. Usinitilie uongo kwenye karatasi." Kaja mwenyewe, ndani ya injini ya gari la kaka Nassor, kutoka Al Qabil mpaka mlangoni kwetu Ibra. Nikacheka, nikaandika kama ulivyosema: hana mwenyewe. Ningeweza kuandika jina lako na usingejua. Lakini nina miaka arubaini na sita, mwalimu mzima wa skuli, na bado nilikuwa nakuogopa.

Siku moja kabla ya safari Mgeni akashindwa kukojoa. Daktari wa mifugo hapa Ibra, aliyezoea mbuzi na ngamia, alimbonyeza tumbo akatwambia tumkimbize Maskati. Ulikaa kiti cha nyuma njia nzima umempakata, ukimsomea dua. Wakamlaza siku tatu, na wewe ukakataa kuondoka pale, na ndege ikaenda zake bila wewe. Hukujuta hata kidogo. "Wete haihami," ulisema.

Kampuni ikajibu kwa mistari mitatu. Bima ni ya mnyama aliye mali ya msafiri, na huyu, kwa maelezo yetu wenyewe, hana mwenyewe. Nikapiga simu. Msichana aliyepokea alikuwa na adabu, akasema anasikitika, akasema pia kwamba tungeandika jina tu, jambo lingekwisha. Nikaandika malalamiko, wakakataa. Nikaandika tena, nikatia picha zako na Mgeni, risiti za chakula chake, barua ya daktari. Wewe ulikuwa ukinipita sebuleni na kunambia niwaache, watu wale wana kazi yao.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Tiketi nyingine ningeweza kukukatia wiki ile ile. Kaka Nassor alitaka kuikata yeye, nikamkatalia. Nilitaka waitoe wao. Nilitaka waandike kwamba wamekosea, niwasome, nifurahi. Wiki tano, Mama, nilikuwa nabishana na watu nisiowajua juu ya paka, nawe uko chumba cha pili, miguu yako mizima, sanduku limefungwa. Kisha ile asubuhi ya Jumatano ukaanguka mlangoni mwa jikoni. Adhana ya adhuhuri ilitukuta hospitali na wewe umeshakwenda.

Ile halwa uliyomwekea Mama Mdogo tuliwapa watu msibani, na kahawa. Waliisifu. Kuna mmoja aliuliza imenunuliwa wapi.

Nimekukasirikia na wewe. Jina lako tu, neno moja kwenye kisanduku kidogo, lingekufikisha kwa ndugu yako. Najua ungenijibu nini. Jibu lako ni la haki na silitaki. Dunia nzima inajaza fomu kwa uongo na inapanda ndege.

Na kampuni ile bado inaniletea ujumbe kila wiki, inauliza kama nimeridhika na huduma.

Mama Mdogo nilimwambia madaktari walikukataza kusafiri. Sikujua niseme nini kingine. Alilia, kisha akasema basi hayo ni majaaliwa, hakuna wa kulaumiwa, na akanishukuru kwa kukutunza. Alinishukuru, Mama. Tangu siku ile jina lake likitokea kwenye simu naacha ilie mpaka inyamaze.

Skuli zikifungwa nakwenda Wete. Nakuahidi hilo, na bima sitokata. Nitakaa mbele yake nimwambie kwamba hukuwa mgonjwa. Nitamwambia kwanza wewe ulimchagua paka, kisha mimi nikachagua kushinda, na yeye alikuwa anatungoja. Akitaka kutukasirikia sote wawili nitamwacha atukasirikie, kwani kukasirika peke yangu kumenichosha.

Buriani, Mama. Mungu akupe wasaa huko uliko. Kukuombea, nakuombea kila sala. Kukusamehe bado, na kujisamehe mimi mwenyewe ndiyo bado kabisa.

Mwanao,
Zuwena