Mto Katikati ya Magoti

Mpenzi Mama Akinyi,

Nimekuficha jambo, na sitaki kufa nalo. Huku hospitalini Kaplong mvua hushuka kila alasiri na chai yao ni maziwa matupu. Leo binti wa mazoezi ya viungo alisukuma goti langu kuelekea kifuani, nikapiga yowe nikijishika juu ya paja.

"Mzee, si ulisema ni goti?"

"Niliona aibu kukutajia kinena, binti yangu."

Alicheka mpaka akaketi. "Basi shida ni nyonga. Ukilala ubavu, weka mto katikati ya magoti. Mama huko nyumbani atakusaidia kugeuka."

Nikamwomba kalamu nikuandikie.

Mungu akutunze, na usibebe ndoo nzito. Niliposema nahamia chumba cha wageni kwa sababu unakoroma, nilidanganya. Hukoromi. Sikutaka usikie nikilia kila nilipogeuka.