Ridhaa ya Mke wa Muuzaji

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe na mama mkiwa wazima, na kwamba goti lake sasa linamwacha alale. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio umekataa kutulia, na tangu asubuhi nimefuta meza hii mara tatu ingawa haina vumbi.

Uliniuliza wakili ni wa nini, iwapo mnunuzi yupo, muuzaji yupo na nyumba haikimbii. Hata mimi nilisema hivyo hivyo. Mwenye nyumba niliyopanga alishanitaka nitoke kabla ya mwisho wa mwezi, nawe ulikwisha mwambia mama kwamba Jumamosi anahamia kwangu, halafu kuna mtu amekaa nyuma ya meza anasoma hati kama anayechambua mchele. Alikwenda ofisi ya ardhi kupekua daftari, akarudi akasema subiri kwanza, mipaka ya kiwanja ipimwe. Ikapimwa. Akasema subiri kwanza, chumba cha uani hakimo kwenye ramani. Nikambandika jina la Bwana Subiri Kwanza. Karani wake alinisikia, akacheka mpaka akagonga mhuri upande.

La mwisho lilikuwa ridhaa ya mke wa muuzaji. Sheria inasema mume hawezi kuuza nyumba wanayoishi bila mkewe kukubali kwa saini. Nasikia mawakili wengine hupokea karatasi iliyosainiwa huko huko nyumbani. Bwana Subiri hataki. Kwake mke lazima aje mwenyewe, tena atambuliwe na mtu asiye mumewe. Alinieleza kwamba vitambulisho vya wake mara nyingi hukaa mifukoni mwa waume, lakini sura haiazimwi.

Muuzaji akasema mkewe amekwenda kumuuguza mama yake, atachelewa. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Nilikuwa nikifunga masanduku asubuhi na kuyafungua jioni kutafuta sufuria. Ndipo akanipigia simu kwamba mkewe amerudi, tukutane kwa wakili saa nne.

Alikuja na mwanamke mrefu, mpole, kitambulisho mkononi. Picha ilikuwa ya miaka mingi, ingeweza kuwa ya mtu yeyote. Wakili aliitazama, akamtazama yule mama, kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi niliyekwenda kuiona nyumba.

"Mama uliyemkuta pale nyumbani ndiye huyu?"

Dada, mficha maradhi kilio humuumbua, kwa hiyo bora nikwambie. Mke wa muuzaji namjua. Ni mfupi, ana kovu kidevuni. Siku ile mumewe alimwambia nimekuja kwa mambo ya kazi, nikaona ajabu kidogo, nikajifanya sikuona. Mke mwenyewe ndiye aliyenionyesha jinsi bomba la jikoni linavyokazwa kwa kitambaa.

"Ndiye," nikasema.

Saini zikatiwa. Wakili akanipa mkono, akasema sasa ninaweza kulala usingizi. Tangu siku hiyo sijalala. Juzi nilikabidhiwa funguo, nikahamia. Nyumba niliuziwa na viti na makabati yake, na simu ya muuzaji haipatikani tangu jana.

Leo asubuhi, nikiwa napanga vyombo, mlango wa mbele ulifunguliwa kwa ufunguo. Aliingia yule mfupi, begi begani. Alinikumbuka mara moja. Alisema mama yake amepata nafuu, na kwamba hakuna raha kama kurudi kwako. Akayaona masanduku yangu, akasikitika kwamba mumewe hakumwambia kuna mgeni, maana angepitia sokoni. Kisha akanikaribisha, dada. Akaniambia nikae nijisikie nyumbani, naye akaingia jikoni.

Usimlete mama Jumamosi. Nikifunga barua hii nitamweleza mke huyu mwenyewe, halafu twende pamoja kwa Bwana Subiri, nikaseme mbele yake kwamba nilimdanganya. Hati iko ofisi ya ardhi, bado haijabadilishwa jina, kwa hiyo huenda mke hajachelewa kuuzuia uuzaji. Mimi ninaweza kubaki bila nyumba, na pengine nikapata makubwa kuliko hayo. Ninaogopa sana. Nimekwisha amua, lakini miguu haijakubali kuinuka, ndiyo maana barua imekuwa ndefu.

Msalimie mama, umshike goti kwa niaba yangu. Ukiona vigumu kumweleza, mwambie wakili hakuwa na kosa, aliyeharibu ni mwanawe. Ningeandika zaidi, ila mwenye nyumba ananiita kutoka jikoni. Anauliza mgeni wake anatia sukari vijiko vingapi.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba