Shemeji na Ubao Wake

Mvumilivu hali mbivu, shoga. Anabebeshwa kapu, wanakula wengine.

Leo nilikuwa msomaji kwenye Njia ya Msalaba. Shemeji mbele, kaukumbatia msalaba, machozi tiririri. Nyuma yake dada yangu, wa kujifungua leo au kesho, mtoto mgongoni, mkoba wa shemeji begani.

Mkoba wa shemeji, shoga. Begani.

Kituo cha tano, Simoni anamsaidia Yesu. Nimemaliza kusoma, maneno yakanitoka kwenye maikrofoni: "Shemeji, weka chini huo ubao, umpokee mkeo."

Kisha dada akacheka mpaka akashika benchi.

Katekista anasema nimwombe shemeji radhi, la sivyo sisomi tena. Na unajua ninavyoipenda ile maikrofoni.

Nimemjibu siombi. Kesho pia siombi.