Mama Alinyamaza Shuleni

Katubuka, Kigoma

Kwa Bibi yangu Vénérande,

Shikamoo. Huko kambini mnaendeleaje? Sisi hatujambo. Dagaa wameadimika mwaloni Katonga, kwa hiyo Mama sasa anauza ndizi.

Bibi, roho yangu haijatulia. Wenzangu shuleni wakigombana hutukanana kwa neno "Mrundi", ndiyo maana niliwaambia kwetu ni Kalinzi, hapa hapa Kigoma. Juzi mwalimu akaita wazazi. Kiswahili cha Mama kimejaa Kirundi, nikamwomba asije. Akasema, "Nitakuja, mwanangu. Nitanyamaza."

Alikuja amevaa kitenge chake kizuri. Mwalimu alipomsalimia, alitabasamu tu. Alipomuuliza kama ninajisomea nyumbani, Mama akanigeukia. Nikasema, "Mama yangu ni bubu."

Mwalimu akampa pole. Mama akainamisha kichwa kama anayeshukuru.

Njia nzima ya kurudi alinishika mkono, hakunikaripia. Alipika, akanipakulia mimi kwanza. Afadhali angenichapa.

Akikupigia simu, usimwambie nimekuandikia. Muulize tu kama amenikasirikia, kisha unijibu upesi, hata kama jibu ni ndiyo.

Ni mimi mjukuu wako,
Inamahoro