Wimbo wa Msalaba wa Baba

Busia,
28 Mei 2025.

Kwako Kaka John Paul,

Nakusalimu wewe, wifi Becky na watoto. Je, mguu wa wifi umepata nguvu tangu atolewe plasta? Sisi huku tu wazima. Nyumbani Iyolwa mvua imenyesha vizuri, mihogo imeshika, na Mama bado anakataa fimbo ya kutembelea. Kazi yangu ya kupitisha mizigo forodhani inaendelea. Ningekupigia simu, lakini jambo lenyewe ni refu, na kwenye simu wewe hukatiza.

Jambo ni ule wimbo wa Baba. Tulikubaliana kuweka msalaba kwenye kaburi lake Jumamosi tarehe 14 Juni. Ikafika mahali ikaonekana utawekwa bila wimbo huo, na Mama akasema kama ni hivyo, msalaba ukae nyuma ya jikoni.

Nimefungua shajara yangu ili nisikosee tarehe. Tarehe 6 Mei redio zilitangaza kifo cha mpiga gitaa wa Grey Lanterns, wale Wazungu wanne wenye nywele ndefu waliotikisa dunia kabla hatujazaliwa. Nilishangaa kuona walivyo hai bado hapa mpakani. Kinyozi wa karibu na ofisi yetu ana picha yao ukutani. Dereva mmoja wa lori aliniambia Kiingereza chake chote alikitoa kwenye nyimbo zao. Hata Kevo wa bodaboda ana ile taa ya nembo yao mgongoni mwa jaketi. Alidhani ni alama ya kampuni ya nguo. Siku nzima ziliimba redio za Kenya na za Uganda, ukivuka geti la mpaka unaukuta wimbo uleule.

Mchana ukapigwa wimbo wao mmoja wa taratibu. Shangazi Apendi alikuwa sokoni akipima dagaa. Aliposikia gitaa la mwanzo aliweka kopo chini, akasimama, akainamisha kichwa. Akina mama wa Iyolwa na Paya wakasimama naye, wakaimba kwa lugha yetu ya Dhopadhola maneno ya kuvuka mto aliyoyatunga Baba, sauti zote nne, juu ya sauti ya yule Mzungu. Kaka, ni wimbo wetu uleule tunaowazikia watu, ila wao wanaukimbiza kidogo. Kevo alicheka mpaka akashuka kwenye pikipiki. Akamwambia shangazi, mamangu, hiyo ni ya disko, kwani nani amekufa? Shangazi akamjibu kuwa atakayekufa ni yeye asipotoa gurudumu lake kwenye dagaa, na kwamba huyo Mzungu ameiba wimbo wa kaka yake.

Mtu alirekodi, na video ikamfikia mchungaji wetu mpya, Olupot. Jumapili iliyofuata alisema mbele ya kanisa kwamba ameutafuta wimbo huo, maneno yake ya Kiingereza yanamsifu msichana wa viatu vyekundu, na hautaimbwa tena katika ibada anayoongoza yeye. Si mtu mbaya. Aliuliza Baba aliutoa wapi, na hakuna aliyesema anajua. Watu wakaanza kunong'ona kwamba kumbe mwalimu wa kwaya, aliyetuzimia redio kila Kwaresima, alikuwa akijificha dansini Tororo. Mimi nilitaka tuuache. Nilikuwa nimeshachapa ratiba yenye wimbo mwingine, nikamwambia Mama jina la Baba ni kubwa kuliko wimbo. Alinipa mgongo akaendelea kuchambua maharagwe.

Juzi Jumapili mchungaji alikuja nyumbani tupange ibada. Tulikuwa na shangazi na Osinya, yule mzee wa kanisa. Tulipomaliza chai, Mama akaomba kusema.

Alisema Baba hakukanyaga dansi maisha yake yote. Aliyekanyaga ni yeye. Mwaka 1973 alikuwa Tororo mjini kwa mama yake mdogo akijifunza cherehani, na kila Jumamosi yeye na wenzake walicheza santuri za hao Wazungu mpaka soli zikatoboka. Shangazi alicheka, akaficha mdomo kwa leso. Ndipo Mama akamtaja Akongo.

Wewe nami tumejua tu kwamba kabla yako alikuwepo mtoto aliyefariki. Mama alisema wimbo huo ndio aliokuwa akimbembelezea. Walipokwisha kumzika, kanisani alifungua kinywa na sauti haikutoka. Hakuweza wimbo wowote wa kitabuni. Kilichotoka, akiwa anafua au anapalilia, ni huo wa dansi, bila maneno. Majirani walisema mke wa mwalimu wa kwaya amerukwa na akili, anaomboleza kwa muziki wa Wazungu. Baba hakumnyamazisha. Alikuwa akienda kukaa karibu naye, anasikiliza. Kisha akaupunguza mwendo, akautilia maneno, akaufundisha kwaya nzima, ili Mama akifungua kinywa kanisani asiwe peke yake.

Nilitaka ulisikie hili kwangu kabla ya watu. Makaburi yote yale tuliyouimbia, kumbe wimbo ulikuwa wa dada yetu.

Mchungaji alikigeuza kikombe chake kwa muda. Akasema neno lake alishalitoa mbele ya waumini na hawezi kulimeza. Halafu akasema barabara ya kutoka Paya huharibika mwezi wa sita, huenda siku hiyo akachelewa, na tukianza kuimba kabla hajafika, yeye hatakuwa amesikia. Mzee Osinya akatabasamu, akidhani tumemaliza. Mama akamwambia mchungaji asiihangaikie barabara. Tutamsubiri, hata kama ni mpaka jioni, na hatutaanza kuimba mpaka aketi.

Mchungaji alipokuwa akiaga pale uani, nilimsikia akimuuliza mzee Osinya kama katika wimbo huo wanaume huingia tangu mwanzo au husubiri kiitikio.

Basi fikeni Ijumaa mapema, wote. Mama anawabariki, shangazi anaulizia kama watoto wanakula dagaa. Mfikishie wifi pole zangu za mguu, nawe ujitunze.

Ni mimi dada yako,
Quinter